Kati ya Mto na Mtumbwi

Anselmi, kaka yangu,

Nianze na ng'ombe, maana hata wewe ulikuwa unaanza nao. Ulikuwa ukifika kwangu na shida yako kichwani, lakini kwanza uliwauliza hali, mmoja mmoja, kama wagonjwa wa dispansari, ndipo unakuja kwenye shida. Basi, wako wazima. Yule Gaju aliyeingia shambani mwako akamaliza maharagi amezeeka, na yale meno yake uliyoyasifu badala ya kuniletea fimbo yamebaki machache. Mwaka huu amezaa ndama wa mwisho, mweusi. Sikumpa jina. Utaelewa kwa nini.

Mimi si mtu wa barua. Unajua shule yangu: nilijifunza kusoma kwenye magazeti yanayofungia chumvi na sabuni, na ndiyo sababu habari zote ninazozijua hazina mwisho. Ikifika penye utamu, karatasi imekatwa. Ulikuwa unanicheka. Ulisema mimi ndiye msomi pekee wa Masisi anayejua namna vita vilivyoanza na hajui nani alishinda. Ulisema utaniandikia kitabu chenye mwisho, nipate walau kimoja.

Nimekaa chini kukueleza habari za kitabu hicho. Uvumilie. Sina habari nzuri, na ile moja niliyo nayo inatoka moshi.

Baada ya sisi kukuzika alikuja misioni padiri mpya. Hukumkuta. Watu wamempa jina Padiri Alfabeti, kwa sababu anaandika kitabu kikubwa cha shule zote za huku, kwa Kiswahili, ambamo kila kitu cha dunia kina mistari yake, kimepangwa kwa herufi. Asali imo. Bunduki imo. Chawa yumo, na amepewa mistari mingi kuliko askofu. Mimi napeleka maziwa jikoni kwake kila asubuhi, na mpishi akichelewa kunirudishia chombo nakaa barazani karibu na dirisha, nasikia mashini yake ya kuandika inavyogonga. Siku nyingine inagonga kama mvua ya mawe. Siku nyingine gonga moja, kimya, gonga moja. Siku hizo najua amefika kwenye kitu asichokijua.

Padiri ni mtu mwema. Nakuambia mapema, maana huko mbele utakasirika.

Kabla ya kufunga herufi, hutuma karatasi za majaribio katika shule, walimu wazisome na watoto, waseme kama zinaeleweka. Karatasi za M zilifika Muheto katika darasa lako, kwa mwalimu aliyechukua nafasi yako, kijana mwenye viatu. Baada ya *mto* na kabla ya *mtumbwi*, Anselmi, ulikuwepo wewe. (Niliwahi kumwuliza Padiri kwa nini hakuweka *mtu* hapo katikati. Alisema kila msomaji anajua mtu ni nini. Mimi bado natafuta.) Nakuandikia yaliyokuwemo, yote, maana hayakuwa marefu:

"*Mtoto na Ndama Mweusi.* Kitabu cha watoto, kimeandikwa na mwalimu mmoja wa Masisi. Kinasimulia habari za msichana mwizi aliyeiba ndama katika ua wa baba yake na kutoroka naye. Kinafundisha watoto ubaya wa wizi."

Mwalimu mmoja. Kama vile kusema mbuzi mmoja alipita hapa.

Lakini jina lingeweza kungoja. Jambo ambalo halikungoja ni Furaha wako. Darasa zima linajua kwamba yule msichana wa kitabu ulimchora kwa sura ya binti yako: pengo la meno, kwenda huku anaimba, kubishana na wakubwa. Siku ile ile karatasi iliposomwa, watoto walimsindikiza mpaka nyumbani wakimwita Mwizi wa Ndama. Kesho yake tena. Mama yake akanitumia mtu kwamba nifike. Nilipofika alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. Akasema, "Shemeji, wewe unaingia kwa Padiri kila siku. Mume wangu hakuandika mwizi. Uende umwambie."

Hakulia. Angelia ningeweza kusema pole na kurudi kwa ng'ombe wangu. Alimenya tu viazi, na mimi nikawa nimepewa kazi.

Nakumbuka, kaka, mambo yalivyofika hapa, lakini niyaandike ili nione kama yamekaa sawa. Sanduku la vitabu vyako lilitoka kwa wapiga chapa huko mbali, kamio, lile lori, ikalala tope, sanduku likalala mtoni. Vitabu vilipokauka vilikuwa tofali. Kimoja tu kilipona, kilichokuwa juu kabisa. Mtu mwingine angekifungia kabatini. Wewe ukaazima sindano ya Mama Furaha, ukafungua uzi wa mgongo taratibu, kama mtu anayefungua mguu wa kuku wa jirani, ukakigawa vipande vitatu. Mwanzo Muheto, katikati Ntoto, mwisho Mubi. Kila kipande ukakishonea jalada la kitambaa, ukatoa agizo: watoto wakimaliza chao, wabadilishane, kipande kwa kipande, wala kisitoke mkononi kabla kingine hakijafika. Ulisema hivi vijiji vitatu vitasoma kwa wakati mmoja badala ya kimoja kusoma na viwili kungoja. Nilikuuliza, je, wale wa Mubi wataanza na mwisho? Ukasema watu wa mgodini wamezoea kuingia katika mambo ambayo wengine wameyaanza.

Halafu mvua ikaingia kifuani mwako kabla ya kubadilishana kwa kwanza. Tulikubeba kwa kipoyi, machela yetu ya miti, kwenda dispansari, mimi nikiwa mbele upande wa kushoto. Njiani ulilalamika kwamba tunakutikisa. Nikafurahi. Nikasema moyoni, anayelalamika hivi hafi.

Basi nilimwendea Padiri. Alikuwa na kipande cha Muheto mezani, kile chenye jalada la kitenge cha bluu, alikichukua shuleni. Ndicho pekee alichokisoma, na alidhani ndicho kitabu kizima. Wala simlaumu sana. Kipande hicho kinaishia pale msichana anapofungua ua wa baba yake alfajiri, anatoka na ndama, na nyuma hakuna anayejua, wala bado haijasemwa ndama ni wa nani. Mtu asiyekujua angesema nini? Nikamweleza: yule ndama alikuwa wa jirani, mtu wa ng'ombe mmoja tu. Ndama aliingia katika shamba la baba wa msichana, baba akamfunga na kukataa kumrudisha, na jirani akakata tamaa akashuka Mubi kutafuta kazi ya mgodi. Msichana hamwibi. Anamshusha mpaka Mubi kumrudishia mwenyewe. Padiri akasikiliza vizuri. Akauliza, "Umesoma hayo, Leonardi?"

Nikasema hapana, mwandishi aliniambia.

"Mwandishi amekufa."

Nikasema ndiyo, ndiyo sababu nimekuja mimi.

Akanieleza sheria yake, na nakuambia ukweli, sheria yenyewe si mbaya. Katika kitabu chake hakuingii jambo ambalo halikuwekwa mezani. Chawa alimweka mezani. Nikiweza kumletea kitabu, mwanzo, katikati na mwisho, ataandika upya yote, tena kwa jina lako kamili na la kijiji chako. Lakini nifanye haraka, kwa sababu herufi M inakwenda kufungwa. Alinipa mkono. Nilitoka pale nikiwa mrefu kidogo.

Kwanza niliyajaribu yale matofali. Mama Furaha alikuwa ameyaweka nyuma ya mlango kuuzuia upepo. Nilidhani kwa kisu na mvuke wa maji nitaachanisha kurasa, nipate mwisho bila safari. Nilipoinua la kwanza lilikuwa jepesi kama mkate. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Wamesoma kitabu chako chote, Anselmi, mpaka ukurasa wa mwisho, na hawaelezi.

Nikapata nafasi juu ya kamio ya maharagi na siagi, nikashuka Ntoto. Pale kipande chako anacho Mama Veronika, yule anayefagia kanisa na kufundisha watoto sala. Ukiona alivyokitunza utalia. Kimo ndani ya chungu, chungu kina mfuniko, mfuniko una jiwe. Nikamsalimu, nikamweleza Padiri, herufi, Furaha, yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Moniteri alisema kipande kwa kipande. Wewe umeleta kipande?"

"Hapana, Mama. Kiko mezani kwa Padiri."

"Basi na hiki kiko ndani ya chungu ya Veronika."

Nilimwambia moniteri, mwalimu wao, ni marehemu. Akaniangalia kama mtu aliyesema upuuzi kanisani. Akasema, kama ni marehemu, nani sasa atabadilisha ile agizo?

Lakini kuazima macho hakukukatazwa, basi aliita watoto wakakaa, wakanisomea kwa zamu, yeye akiwa amekiweka kitabu mapajani mwake na kufungua kurasa mwenyewe. Kaka, ndipo nilipojua ulichokuwa unafanya zile jioni ulizokuja kuniuliza mambo ya ndama. Unakumbuka uliniuliza ndama akiogopa daraja la kamba hufanya nini kwanza? Nilikuambia, hunya. Kitabuni umeandika "akasita". Watoto wa Ntoto walipofika hapo wakacheka wote, nikawauliza mnacheka nini, mmoja akasema, "Papa, sisi tuko na ng'ombe."

Na ni pale pale darajani, ndama amesimama, maji chini yanapiga kelele, ambapo msichana anashika sikio lake na kumwambia: "Sikukuiba mimi. Ninakurudisha. Twende." Wazi kabisa, kwa wino. Nikawaomba wasome tena. Nikayashika kichwani, mimi na kichwa changu cha magazeti ya sabuni, nikayarudia njia nzima.

Mubi nilifika nikiwa na furaha ya kijinga. Nasema ya kijinga kwa sababu katekista uliyemwachia kipande cha mwisho alikwisha kuhama, na alipohama alikiacha kambini, kwa wafanyakazi wa mgodi. Nilimpata mkubwa wao, Gerevazi, mtu mpole, mkono mmoja umepinda. Nikamwuliza habari za kitabu chenye jalada la kijani. Uso wake ukang'aa. Akaita wengine. Walikuja wakakaa kunizunguka kama watu wanaosikia jina la mtu wa kwao.

Gerevazi akasema, "Tulikipenda sana, Papa. Ilikuwa na papiye muzuri, karatasi laini. Papiye ya gazeti inanuka wino. Hii ilikuwa inawaka pole pole."

Nikadhani sikusikia.

Akaona uso wangu. "Lakini hatukuvuta ovyo. Tuliweka sheria. Kila jioni ukurasa moja. Mwenye anaichukua anaisoma kwanza kwa sauti mbele ya wote, kisha njo anazungusha tumbaku. Ule hajui kusoma, mwenzake anamusomea, wanakata papiye katikati."

Na ndivyo walivyofanya, Anselmi. Kambi nzima ilikisikia kipande chako, jani moja kwa jioni, hakuna aliyeruhusiwa kuvuta kabla hajasoma. Hapajakuwa na darasa lenye nidhamu kama lile, hata lako. Walinieleza kurasa kwa kuonyeshana kidole: huyu alivuta pale msichana anapofika kambini na hakuna anayemjua mwenye ndama. Yule mrefu alivuta pale wanapomwambia mwenye ndama yuko chini ya ardhi, amngoje. Mmoja alivuta pale wafanyakazi wanapochangia majani ya kumlisha ndama, akaniambia mwenyewe, bila kuona haya, kwamba jioni ile machozi yalimtoka na haukuwa moshi. Walisema hapakuwa na kitabu kingine kilichowahi kuwataja watu wa mgodi kwa heshima. Nikawaambia mlikichoma. Wakainamisha vichwa. Gerevazi akasema, "Njo vile. Tulikuwa hatuna kingine."

Nikauliza ule ukurasa wa mwisho.

"Ile alivuta Tito."

"Ulisema nini?"

Wakaanza kusema wote. Siku ya ukurasa wa mwisho walikuwa wamekubaliana wangoje Jumapili, watu wa zamu zote wawepo. Lakini zamu ya jani ilikuwa ya Tito, na Tito alikuwa amemaliza kazi, anaondoka asubuhi ile na kamio. Walimwomba auache. Alisema kilicho chake ni chake. Akausoma peke yake, amesimama karibu na gurudumu, midomo inatembea bila sauti. Akaweka tumbaku, akazungusha, akawasha, akapanda. Kamio ikaenda.

"Alikuwa na sura gani alipomaliza kusoma?" nikauliza.

"Alikohoa," akasema Gerevazi.

Yule mrefu akakataa. "Alicheka."

"Alikuwa analia, nilikuwa karibu."

"Wewe ulikuwa karibu na chakula."

Huo ndio mwisho wa kitabu chako kwa mujibu wa mashahidi. Dereva hakujulikana, njia haikujulikana. Nilikaa Mubi nikiuliza kila kamio iliyosimama, na madereva wakanijibu vizuri, kila mmoja alimjua Tito, na hapakuwa na wawili wenye Tito mmoja.

Kabla sijaondoka, watu wa kambini walinipa miisho yao, maana baada ya Tito kila mtu alilazimika kujitengenezea wa kwake alale. Katika mmoja, mwenye ndama anatoka ardhini, anamtambua ndama, wanapanda wote Masisi, na yule baba anawapokea na pombe. Katika mwingine hatoki. Wa tatu siuandiki. Yote mizuri. Ningeweza kuchagua mmoja, nikaweka mbele ya Padiri kwa uso mkavu. Unanijua, uso mkavu ndio mali yangu. Nilipanda kamio nikiwa nauchagua. Mpaka Ntoto nilikuwa nimechagua ule wa pombe. Baada ya Ntoto nikakumbuka kwamba ulikuwa umekataa kuniambia mwisho hata mimi. Nilikubembeleza, nikakupa maziwa ya asubuhi na ya jioni, ukasema, "Utasoma kama wengine, Leonardi." Basi nikaona siwezi kukuandikia wewe, mimi.

Nilimweleza Padiri yote kama nilivyokueleza wewe. Nikamsomea kwa kichwa yale ya darajani. Aliandika, akatuma mtu Ntoto kwa Mama Veronika na salamu zake mwenyewe za padiri, kwamba amtumie kile kipande. Mama Veronika akarudisha salamu za heshima sana, na jibu kwamba kipande kwa kipande. Nikamwomba Padiri atume cha Muheto. Akasema kilicho mezani hakiondoki mezani mpaka habari yake ifungwe. Nikakaa hapo kati ya watu wawili wema, kila mmoja ameshika agizo lake kwa mikono miwili, nikaona namna dunia inavyosimama.

Akaniuliza, "Na mwisho, Leonardi?"

Nikasema, "Padiri, aliyeusoma mwisho alikohoa."

Aliweka kalamu chini. Hakucheka, namheshimu kwa hilo. Alisema pole yake kwamba hawezi kuandika hivyo katika kitabu cha shule. Kisha akafikiri, akaniambia anaweza kufanya jambo moja, kwa ajili ya mjane. Maneno yatabaki kama yalivyo, kwa sababu kilichopo mezani kinasema msichana alitoa ndama uani kwa siri, na kitabu cha shule lazima kiwe na fundisho. Lakini mahali pa "mwalimu mmoja" ataweka jina lako, lote, na Muheto.

Jina lako, Anselmi. Kati ya mto na mtumbwi, katika shule zote. Nilitembea kwenda kwa Mama Furaha nikiwa sijui nabeba zawadi au nabeba maiti.

Alikuwa nje, anaanika maharagi. Nikamsomea karatasi.

Akauliza, "Jina yake iko?"

"Iko."

"Na mwizi iko?"

"Iko."

Furaha alikuwa pale mlangoni, anatusikiliza huku anajifanya anatafuta kitu. Mama yake akamwangalia, akarudi kwa maharagi, akayageuza upande wa pili, yote, mpaka ukingo wa mkeka. Mwishowe akasema, "Ni kusema watoto wa Bukavu watajua Anselmi alikuwa na kitabu, na kitabu yake ilikuwa ya mwizi."

Nikasema njo hivyo.

"Basi atoe vyote viwili."

Nikamwambia Mama, tukitoa, hakuna tena. Herufi inafungwa. Hakuna siku nyingine. Akasema anajua, kwamba amekwisha kutoa mtu mzima nyumbani hapa, jina litamshinda nini.

Padiri alivuta mstari mbele yangu. Mstari mmoja, kwa rula. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema si mimi mwenye hakika, mimi naleta maziwa. Karatasi mpya zilipotoka nilizitazama mwenyewe. *Mto* unamaliza, *mtumbwi* unaanza. Vinagusana. Mtu asiyejua hawezi kuona kwamba hapo kulikuwa na kitu. Hata nafasi hawakuacha.

Habari yako ilipofungwa, kipande cha Muheto kilikuwa hakina kazi tena, Padiri akanipa. Nilikishusha Ntoto, nikakiweka mkononi mwa Mama Veronika, naye papo hapo akaondoa jiwe, akaondoa mfuniko, akanipa cha katikati, na akaniuliza kwa nini nimechelewa. Kwa hiyo sasa, kaka, ile karatasi ya darajani, ile yenye "sikukuiba mimi", iko Muheto, hatua chache kutoka kwa Padiri. Nilimpelekea akaisoma. Akanirudishia, akasema, "Ulisema kweli." Yuko kwenye herufi N. M imekwenda na kamio.

Na watoto bado wanamwita Furaha Mwizi wa Ndama. Zile karatasi za majaribio zilikwisha kusomwa, na mstari wa rula haufiki masikioni. Siku hizi anawajibu, "Njo mimi. Mufunge ng'ombe zenu." Wanacheka naye. Jioni hacheki. Mama yake anasema Furaha hataki kwenda shuleni na kitabu chako mkononi hata kuonyesha, anasema alichokwisha kuitwa ameitwa. Nilitaka nikuletee jambo la kukupumzisha hapo na sikulipata. Nilikitoa kitabu chako kitengenezwe, kikarudi bila mahali.

Usiku wa kuamkia leo, hapana, niseme alfajiri, nilipokuwa nakamua, nilijishika nikisimulia Gaju ule mwisho wa pombe. Nikanyamaza. Ng'ombe hakuuliza.

Sasa nakuaga. Barua hii siiachi juu ya kaburi, na usinifikirie vibaya: ni karatasi nzuri, na njia ya kaburini wanapita wavutaji wengi. Nitaiweka ndani ya kibuyu cha maziwa kilichopasuka, juu ya paa langu, penye moshi wa jikoni unaozuia mchwa. Wewe utajua pa kuipata.

Ninakuahidi hili, kwa sababu jingine siwezi. Vipande viwili nitaendelea kuvishusha na kuvipandisha, kipande kwa kipande, kama ulivyosema, kila kamio ya maharagi inaponipa nafasi. Nitawasomea watoto mpaka msichana anavuka daraja, mpaka anaona moshi wa Mubi kwa mbali, na hapo kurasa zinapokwisha nitafunga. Watauliza kisha. Huuliza daima. Sitawaambia pombe, sitawaambia ardhi, sitawaambia Tito. Nitawaambia sijui, na yule mwizi wao wa ndama atakuwa amekaa mstari wa mbele, kama atakubali kuja, asikie mara nyingine tena kwamba hakuiba.

Ulale, Anselmi. Ndama mweusi anakua. Daraja bado hajalivuka.

Ndimi mwenzako wa maziwa,
Leonardi